Kombi Juu ya Matofali

11 Januari

Dada yangu,

Shikamoo, na shikamoo ya pili mfikishie Baba, hata akikuuliza ni ya nani. Huku tuko wazima wote watatu. Mtoto ameota meno mawili ya chini na anauma kila kinachomkaribia. Juzi kamng'ata baba mkwe kidole gumba, ikabidi nigeukie ukutani nisionekane nacheka. Bado tunakaa ukweni, chumba kile kile cha uani, kwa hiyo hata kucheka tunacheka kwa kipimo. Kazini malori yanaingia mabovu na yanatoka mabovu kidogo.

Ninachotaka kukuandikia hasa ni habari ya kombi. Wiki iliyopita ilivutwa moja hapa karakana, kombi ya kulala ya zamani, rika moja na ya Baba, injini nyuma na kitanda juu ya injini. Imeungua kuanzia nyuma mpaka kiti cha dereva. Mwenyewe alitoka salama, na bado anakuja hapa kila siku na kikombe chake cha chai kumsimulia kila anayetaka kusikiliza na asiyetaka. Anasema alisikia harufu ya petroli mwezi mzima, akaizoea.

Sasa nakuomba, ukipata nafasi, fungua kile kifuniko cha nyuma, injini ikiwa imezimwa na imepoa, utazame ule mpira mwembamba unaoleta petroli kutoka kwenye tangi mpaka kwenye kabureta. Angalia kama umelowa mahali, kisha unuse. Najua Baba hapendi mtu aguse injini yake, basi fanya hivyo akiwa amelala mchana. Uniandikie ulichokiona, hata kama ni kidogo.

Ningepiga simu, ila simu ya ofisi bosi huitoa kwa msiba tu. Ukimwambia ni jambo la kombi atauliza nani kafa.

Ni mimi mdogo wako.

2 Februari

Mdogo wangu, Bwana Fundi,

Marahaba. Baba nimempa shikamoo yako, kaitikia vizuri, kisha kaniuliza wewe ni mtoto wa nani. Nikamwambia ni wako. Akafikiri, akasema basi alifanya vizuri. Pokea hiyo sifa, maana hajui kama kesho atakuwa nayo.

Mimi bado niko kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, kwenye ile mashine kubwa ya kupigia pasi mashuka. Tumeongezewa wodi mbili na hatujaongezewa mtu. Msimamizi bado ananiachia niegeshe kombi nyuma ya jengo letu, kati ya ukuta na chumba cha boila, ili mradi Baba asionekane kwenye njia ya wagonjwa. Chumba changu kipo ng'ambo ya ua, lakini Baba hakitaki kabisa. Nilimlaza humo siku mbili, akakaa kitandani na viatu miguuni akiuliza tunaondoka saa ngapi. Miaka arobaini ya ufundi mizani amelala kwenye kombi akizunguka masoko kukagua mizani za watu, sasa umwambie nyumba ni kitu kisichokuwa na usukani, atakuelewa?

Hujaniuliza, lakini nakwambia. Magurudumu ya nyuma niliyang'oa mwezi wa kumi, baada ya Baba kuendesha mpaka getini na kumtoa mlinzi kwenye kiti chake. Nilitumia jeki uliyoniachia. Sasa kombi imekaa juu ya matofali. Baba akishakunywa chai anawasha, anaingiza gia, injini inanguruma, na yeye anaendesha mpaka mchana. Nikitoka mapumzikoni nampitia dirishani namuuliza tumefika wapi. Juzi alisema tumeshavuka mto, na kwamba mwenye duka la nafaka wa upande wa pili ameficha kipande cha madini ya risasi chini ya sahani ya mizani yake ili kuongeza uzito. Ana furaha, kwa kweli. Huo muda ndio pekee anaokuwa na furaha.

Mpira nimeutazama. Hauvuji. Ni ule ule mweupe uliouweka wewe siku ile ya mwisho kabla hujapanda basi, ukatuambia uzuri wake mtu anaiona petroli inavyopita. Naiona inavyopita, ila mpira wenyewe sasa una rangi ya chai. Harufu ipo. Lakini hiyo ilikuwepo tangu tuko wadogo, mimi nilidhani ndiyo harufu ya Baba.

Umeandika ukurasa mzima na hukuandika unakuja lini. Mwaka wa nne huu.

Dada yako.

20 Februari

Dada,

Shikamoo. Baba mkwe kidole kimepona, sasa mtoto kahamia kwenye miguu ya meza. Mke wangu anakusalimu sana, anasema siku akikuona atakukumbatia mpaka mchoke wote wawili. Kuhusu kuja, bosi hajapanga likizo za mwaka huu, nitakujulisha.

Sasa nisikilize vizuri. Ukiukunja kidogo ule mpira kwa vidole, unakunjika au unakataa? Jaribu pale unapoingia kwenye kabureta. Nisije nikakutisha bure, lakini injini ya namna ile imefungiwa kwenye chumba kidogo, joto halina pa kwenda, na cheche za kuwashia ziko pale pale chini ya kabureta. Tone moja la petroli likiangukia hapo halihitaji kibiriti. Tena gari likiwa limesimama halipati upepo, kwa hiyo hilo la Baba linachemka kuliko linalotembea.

Tafuta mtungi wa kuzimia moto. Watu wengi huufunga kule nyuma, karibu na injini, wakidhani ndiko utakakohitajika, na moto ukianza hawawezi kuufikia. Wa kwenu ukae mbele, karibu na mguu wa Baba. Moshi ukitokea, kitu cha kwanza ni swichi izimwe, cha pili mtu atoke. Mtu kwanza, gari baadaye, na kama gari halikuokoka basi. Usimwache mtu yeyote afungue kile kifuniko cha nyuma, hata akiwa fundi. Akikifungua ameupa moto hewa, utamrukia usoni. Pulizia kupitia kwenye matundu ya pembeni. Na maji kwenye petroli ni marufuku, yanautembeza moto tu.

Halafu fanyeni mazoezi. Mkalishe Baba kwenye usukani, piga makofi, hesabu mpaka miguu yake ifike chini. Huyu mwenye kombi iliyoungua hapa anasema tangu alipouona moshi mpaka kitanda kushika moto hazikupita dakika mbili. Niandikie Baba anatokea mlango upi na kwa sekunde ngapi.

Mdogo wako.

18 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na mkeo mwambie namngoja na mbavu zangu ziko tayari. Mtoto akimaliza kula samani za watu mfundisheni kuandika, labda yeye ndiye atakayeniambia mnakuja lini.

Barua yako ilichelewa, ilikaa kwa karani wa masjala wiki nzima chini ya kitabu chake cha mahudhurio. Baba mzima. Kapungua mwili lakini anakula. Siku nyingine ananiita kama alivyokuwa akimwita Mama, na mimi naitika. Kuna faida gani kubishana naye?

Mafunzo yako nimeyasoma mara mbili. Mtungi nimeupata. Wa chumba cha kufulia umebadilishwa, msimamizi kaniachia ule wa zamani na mshale wake bado uko kwenye kijani. Nimeutundika nje, kwenye msumari wa ukutani hatua mbili tu kutoka kwenye kombi, na chini yake nimeweka ndoo ya mchanga. Mtu wa boila nimemweleza yale ya kifuniko, akaniambia nimekuwa mhandisi.

Mpira umekataa kukunjika. Nilipoukunja ulitoa mlio kama tambi mbichi, nikauachia haraka. Nikamwita fundi wa barabara ya sokoni. Alifika, akaona magurudumu hayapo, akacheka mpaka akashika ukuta, akasema gari lisilokwenda popote halina haraka. Akainama kutazama injini, Baba akatokeza kichwa dirishani na ratili ya shaba, jiwe lake la mizani, mkononi. Ile ya kilo mbili. Fundi hakurudi tena.

Mazoezi bado. Kazi nyingi siku hizi, kuna homa mjini na mashuka yanakuja kwa mikokoteni. Miguu yangu imevimba. Nitajitahidi.

Dada yako.

9 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima.

Mtungi uko nje kwa nini? Mtu aliye ndani anaufikiaje? Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko unavyofikiri. Umenijibu mtungi, umenijibu mpira, umenisimulia mpaka ratili ni ya kilo ngapi, ila mlango hukuugusa. Nakujua. Tulipovunja kioo cha jirani ulimweleza Mama habari nzima ya mpira, timu na magoli, ukaacha kioo.

Nakuuliza tena: Baba anatokea mlango upi?

Na gari lisiwashwe tena likiwa na huo mpira wa petroli. Mnyang'anye ufunguo. Mimi nahangaika hapa kupata mpira wa petroli wa kweli, ule mweusi wenye nyuzi ndani, pamoja na vibano vyake. Ukipatikana nitamkabidhi dereva wetu mmoja anayekuja upande wenu. Tafadhali, Dada, mpaka ufike, asiwashe.

Mdogo wako.

30 Aprili

Mdogo wangu,

Sisi wazima, Baba mzima, mvua imenyesha. Salamu nimezimaliza.

Hatoki. Hilo ndilo jibu lako. Baba hatoki kwa mlango wowote mpaka mimi nitoke kazini.

Mwaka jana, kabla sijang'oa magurudumu, aliondoka kwa miguu mchana kweupe. Nilimtafuta siku mbili. Nilimkuta kwenye bohari ya saruji, amekaa katikati ya mizani ya malori bila viatu, malori manne yamepanga foleni yanampigia honi, na yeye anawaambia hawatapimwa mpaka mizani ikaguliwe. Watu wanacheka. Nilimshika mkono, nilikuwa nalia njia nzima, naye ananibembeleza bila kujua mimi ni nani. Mara ya pili mlinzi alimkuta anavuka barabara kuu. Msimamizi akaniita ofisini, akaniambia ikitokea ya tatu nitaondoka mimi na kombi yangu na Baba yangu. Ningempeleka wapi? Ukweni kwako?

Kwa hiyo milango ya mbele niliing'oa vishikio vya ndani na vya nje kwa bisibisi, kama ulivyonifundisha mwenyewe tukiwa watoto. Mlango wa pembeni niliutia komeo na kufuli kwa nje. Ufunguo nauvaa shingoni kwa kamba. Kila siku saa moja asubuhi namwekea chai na mkate, naufunga mlango, kisha nasimama kidogo nisikilize kama ataujaribu. Hajawahi kuujaribu. Nimejiambia kwamba hajui.

Hukuniambia kama unataka kujua au unataka kunishika. Basi ujue yote. Ufunguo wa kuwashia nilimnyang'anya, kama ulivyoagiza, kwa siku tatu. Alilia siku zote tatu. Alijikuna mikono mpaka damu ikatoka. Manesi wa wodi ya juu walifungua madirisha kuuliza ni nani anateswa huko nyuma. Siku ya nne nilimrudishia, akawasha, akanyamaza, na mimi nikaenda kupiga mashuka pasi huku nanusa hewa kama mbwa.

Nina hasira na wewe, sikufichi. Unaniandikia sekunde. Mimi tangu mwaka jana sijafika mbali kuliko duka la sabuni. Ufunguo uko shingoni kwangu, lakini kati yangu na Baba sijui ni nani aliyefungiwa. Wewe ulipanda basi ukaenda, na huko una mke, una mtoto mwenye meno, una bosi wa kumsingizia. Kama huwezi kuja, acha kunihesabia.

Mpira wako utakapofika nitauweka mwenyewe.

Dada yako.

10 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Barua hii nimeiweka ndani ya kifurushi pamoja na mpira na vibano vinne. Dereva wetu anaondoka kesho, anasema ndani ya siku tano kitakuwa mkononi mwako. Mke wangu hajui ninachoandika, nimekaa chini ya lori na karatasi juu ya kasha la spana.

Una haki ya kunikasirikia, na bado hujui sababu yenyewe. Ule mpira mweupe ni wa maji. Nilijua siku ile ile kwamba ni wa maji. Wa zamani ulikuwa umepasuka, duka la vipuri lilikuwa limefungwa, basi langu linaondoka saa nane, na jirani alikuwa na kipande kilichobaki kwenye pipa lake la kuogea. Nikakikata nikakivisha. Petroli inaula mpira wa namna hiyo, inaukausha mpaka unakuwa kama ganda la yai. Hilo kila mwanafunzi wa ufundi anaambiwa wiki ya kwanza. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliniuliza kama nina uhakika. Mtu aliyekagua mizani miaka arobaini, asiyemwamini muuza karanga, aliniuliza mimi mara moja tu. Nikamwambia ndiyo, Baba, tena uzuri wake unaiona petroli inavyopita. Akaniamini. Nilijiambia nitarudi baada ya miezi miwili niubadilishe.

Ile kombi iliyoungua hapa, mimi ndiye niliyeikagua. Kwenye kabureta kulibaki kipande cha urefu wa kidole cha mpira mweupe. Tangu siku hiyo silali vizuri. Na kila nilipokaa kukuandikia ukweli, nilikuandikia ushauri. Ningekwambia mwezi wa kwanza ungeung'oa kwa meno yako, nakujua. Nilikuacha uusikilize mpira ukilia mkononi mwako, nikanyamaza, kwa aibu tu. Sikuja kwa sababu hiyo hiyo. Bosi alishapanga likizo tangu mwezi wa pili, nikampa mwenzangu zamu yangu.

Wewe ulimfungia kwa sababu huna mtu wa kukusaidia. Mimi ndiye niliyepaswa kuwa huyo mtu, na badala yake nilimwekea moto mgongoni. Usijilaumu zaidi yangu.

Ukipata kifurushi hiki acha kila kitu. Chomoa waya mmoja wa betri. Akilia, alie. Na fungua kufuli, Dada, hata kama atatembea. Aliyetembea anatafutwa.

Mdogo wako.

27 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Baba yuko hai. Nimeanza na hilo ili uweze kusoma mengine.

Kifurushi chako kimenifikia tarehe 25, dereva wenu aliharibikiwa njiani. Kombi iliungua tarehe 21, saa nne na nusu asubuhi.

Nilikuwa kwenye mashine. Mtu wa boila aliingia mbio, akanishika mkono akanivuta. Nilipofika nje moshi ulikuwa unatoka kwenye matundu ya nyuma, mweusi, mzito, na kwenye kioo cha nyuma palikuwa na rangi ya machungwa. Nesi mmoja aliniambia baadaye kwamba aliuona ule moshi tangu mapema kutoka ghorofani, akadhani ni mvuke wetu wa siku zote. Nilivuta kamba ya shingoni ikakataa kukatika. Nikainama kwenye kufuli na ufunguo ukiwa bado shingoni kwangu, uso wangu umegusa bati, na bati lilikuwa la moto. Ufunguo uliingia mara ya tatu. Uliniagiza kuhesabu, basi nilihesabu.

Mtu wa boila alitaka kufungua kifuniko cha nyuma. Nilimpigia kelele ambayo sikujua kama ninayo, akaacha, akachukua mtungi akapulizia matundu. Mlango wa pembeni ukafunguka nusu, ukakwama. Nikaingia kiubavu. Kitanda kilikuwa kinawaka. Baba alikuwa kwenye kiti cha dereva, swichi ameshaizima, mikono miwili juu ya usukani, ameziba pua kwa kola ya shati. Ametulia. Nilimkumbatia kwa nyuma nikamtoa kama mzigo wa mashuka, tukaangukia kwenye ndoo ya mchanga. Nyusi zake zimeungua, na sikio la kushoto lina malengelenge. Mimi shavu. Wametutibu hapo hapo, hiyo ndiyo faida ya kuungulia hospitali.

Kombi imebaki mbavu.

Nilipopata pumzi nilimfokea. Nilimwambia, Baba, kwa nini hukupiga kelele? Ukuta tu ndio uliotutenganisha, ningekusikia, mtu wa boila angekusikia, wodi nzima ingekusikia. Siku hiyo alinijua. Aliniita kwa jina langu, akanifuta masizi usoni kwa mkono wake, akasema polepole ili mtu wa boila asisikie:

"Ningepiga kelele, watu wangejua kwamba umenifungia."

Alijua. Siku zote zile nilizosimama nje nikisikiliza kama ataujaribu mlango, na yeye alikuwa ndani, amekaa kimya ili nisisikie kitu. Anasahau kama amekula. Anasahau Mama amekufa. Hilo hakulisahau.

Barua yako ya kwenye kifurushi nimeisoma. Nilitaka kukuchukia, nikajaribu siku nzima. Sina nguvu hiyo. Mpira wako mzuri, mzito, unakunjika vizuri, nimeuweka dirishani na sijui wa nini.

Sasa Baba analala chumbani kwangu. Msimamizi, baada ya kuona yote, amenipa siku kumi na nne na hakusema neno baya. Mlango huku hauna kufuli. Nimeung'oa mpaka komeo. Asubuhi nauacha wazi kabisa, nuru inaingia mpaka kitandani, watu wanapita uani wanamsalimu. Haendi popote. Anavaa viatu, anasogeza kiti mpaka karibu na kizingiti, anakaa. Nikirudi kutoka bombani namkuta hapo hapo na ananiuliza kama anaweza kutoka sasa. Namwambia Baba, mlango uko wazi, si unaona. Anasema anaona. Kisha anangoja. Mpaka nimshike mkono nimvushe mimi. Jana alijizuia haja mpaka ikamtoka, mlango ukiwa wazi mbele yake, kwa sababu mimi nilikuwa nimekwenda dukani.

Nilimwomba msamaha. Akaniuliza kwa kosa gani.

Siku kumi na nne zikiisha narudi kazini na sijui nitafanyaje. Sikuulizi utakuja lini. Nimechoka kuuliza.

Dada yako.

6 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika leo mchana. Nimeisoma nimesimama, kisha nimekaa chini sakafuni karakana, na bosi akanipa simu bila kuniuliza nani kafa. Sikuwa na namba ya kupiga.

Mke wangu anapanga nguo za mtoto ninapoandika. Tunakuja wote watatu, na si kwa likizo. Baba mkwe amesikitika, nadhani atatamani hata kuumwa kile kidole. Tutapanga chumba karibu na hospitali, wewe utakwenda kazini na mmoja wetu atakuwa na Baba, na akitaka kutembea tutatembea naye mpaka achoke. Hata kama ni mpaka kwenye mizani ya malori.

Kuna jambo nitamwambia Baba mwenyewe, kuhusu lile swali lake la kama nina uhakika. Hata kama hatakumbuka aliniuliza.

Barua hii nampa kondakta wa basi la usiku huu ikutangulie; basi letu linafika Jumamosi, saa tano hivi asubuhi. Usije kutupokea. Siku hiyo asubuhi rudishia mlango, bila komeo, mkalishe Baba kwenye kiti chake karibu nao, na wewe kaa kitandani, usinyanyuke. Nitabisha hodi. Nitabisha hata saa nzima. Mwambie kuna mtu nje anayeomba kufunguliwa, na ufunguo ni mkono wake.

Mdogo wako.